Kitufe chekundu hakikati umeme: kuzibua skrubu ya unga kiwandani

Skrubu, yaani parafujo ndefu inayozunguka ndani ya bomba kusafirisha unga au pumba, ikikwama, mara nyingi opereta hubonyeza kitufe chekundu cha dharura, hufungua kifuniko na kuingiza mkono. Hapo ndipo vidole vinapokatika. Kitufe kile hukata umeme wa koili ya kontakta tu, yaani ile swichi ya sumaku inayowasha mota. Fezi zote tatu, yaani nyaya zinazoleta umeme, bado ziko hai ndani ya paneli. Mtu wa upande wa pili asiyekuona akikirudisha kitufe na kubonyeza cha kijani, skrubu inazunguka, na nafasi kati ya ukingo wake na bomba ni milimita chache tu.

Lipo na jingine ambalo hata mafundi wazoefu hulisahau: ovalodi, kifaa kinachokata umeme wa mota inapozidiwa. Rilei nyingi za ovalodi zina kiteuzi chenye herufi A kwa kujirudisha yenyewe, na M au H kwa kurudishwa kwa mkono. Ikiwa iko kwenye A, na mota inaamriwa na swichi ya kugeuza au sensa ya kiwango cha unga, basi skrubu ikikwama ovalodi inakata, inapoa kwa dakika chache, kisha mota inawaka bila mtu kugusa chochote. Ukimya wa mashine iliyokwama usikudanganye. Kagua paneli zako na uweke M au H.

Kabla ya kufungua kifuniko, waambie wote wanaohusika na mashine, zima aisoleta ya mota hiyo (swichi inayoitenga mota na umeme), uifunge kwa kufuli lako na ubaki na ufunguo mfukoni. Mkiwa watatu, aisoleta ifungwe kwa hasp, kibano cha chuma chenye matundu ya kufuli kadhaa, kila mtu aweke kufuli lake. Kufuli moja la msimamizi kwa niaba ya wote silikubali hata kidogo, kwa sababu yeye hayumo ndani ya bomba. Kibao cha “Usiwashe” peke yake hakizuii mkono wa mtu.

Kisha pima. Tesa, yaani kipima umeme, ijaribiwe kwanza kwenye umeme unaojua upo, ndipo upime upande wa kutokea wa aisoleta, fezi kwa fezi na kila fezi kwa ethi, halafu uirudie tesa pale pale mwanzo kuhakikisha haikufa katikati ya kazi. Kuna aisoleta ambazo mpini umesimama OFF huku kontakti moja ndani imeungana kwa joto. Penye invata, kifaa kinachobadili kasi ya mota, subiri muda ulioandikwa kwenye lebo yake, maana kapasita zinazohifadhi umeme ndani yake hubaki na chaji. Mwisho bonyeza kitufe cha kuwashia: isipowaka, rudisha kila swichi kwenye kuzima, ndipo uanze.

Hewa iliyoshindiliwa nayo ina nguvu kuliko watu wanavyodhani. Silinda ya hewa inayosukuma geti la silo (ghala refu la nafaka), yenye kipenyo cha milimita 63, kwa presha ya bar 6, inasukuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 190. Funga vali ya hewa, uitie kufuli, toa hewa iliyobaki mpaka geji isome sifuri. Kinu cha nyundo huendelea kuzunguka kwa dakika kadhaa baada ya kuzimwa, kwa hiyo mlango usifunguliwe mpaka shafti isimame kabisa.

Unga uliokwama pia huikaza skrubu. Ukiulegeza, shafti inaweza kurudi nyuma ghafla hata umeme ukiwa umefungwa. Tumia ndoana ndefu, au geuza shafti kinyume kwa spana ya bomba, mkono ukiwa nje.

Kazi ikiisha, hesabu spana zote, rudisha kifuniko na boliti zake zote, kisha kila mtu atoe kufuli lake mwenyewe. Zamu ikibadilika kabla ya kumaliza, anayeingia aweke lake kwanza ndipo anayetoka atoe la kwake. Mwenye kufuli akiwa ameondoka na kufuli lake likabaki, kabla ya kulikata msimamizi athibitishe kwamba hayupo kiwandani, ampigie simu, na ahakikishe anajua limekatwa kabla hajarudi kazini.