Giligilani za Shangazi Bondeni Luiche

Kiangazi kile mchuuzi wa soko la Mwanga alishuka bonde la Luiche, Kigoma, akaziona giligilani za shangazi zikiwa changa na kijani tupu, akataka kuzing'oa zote kwa bei nzuri. Shangazi akamwambia, "Chukua za tuta la nyuma, mwanangu. Hizi za kati ya kabichi naziacha zitoe maua, yawalishe nyigu wanaoua vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza majani ya kabichi."

Kabichi zilikaa sentimita 60 mstari hadi mstari, 45 mche hadi mche, na kila baada ya mistari minne ulipita mmoja wa giligilani. Mbegu zake alizisugua kwanza kwa kibao zipasuke, maana kila punje ina mbegu mbili ndani. Nusu alizisia siku ileile aliyosia kabichi kitaluni, nusu wiki tatu baadaye, ili maua yapokezane. Wengi huchelewa hapa: husia giligilani siku ya kuhamisha miche, nazo huchanua vidukari wakiwa wameshaingia moyoni mwa kabichi, mahali ambapo hata dawa haifiki.

Kinachotakiwa ni ua. Nyigu anayeua vidukari ni mdogo kuliko sisimizi na mdomo wake mfupi. Ua refu limemshinda, lakini la giligilani liko wazi. Akipata maji yake matamu huishi siku nyingi zaidi, na jike hutaga yai moja moja ndani ya vidukari.

Maua yalipopamba moto tukaanza kugeuza majani. Katikati ya vidukari wenye unga wa kijivu walikuwamo waliovimba, wakakauka, wakawa kahawia na kugandamana na jani. Wengine walikuwa na tundu la duara mgongoni: nyigu mpya alishatoka. Pembeni yao walitambaa funza wa kijani wasio na miguu. Kijana aliyekuwa akitusaidia alianza kuwaponda, shangazi akamshika mkono. Ni watoto wa yule inzi mwenye michirizi ya njano anayesimama hewani juu ya maua, na chakula chao ni vidukari. Bustani ngapi huua askari wake hivi hivi!

Palipokuwa na sisimizi kazi ilikwama, kwa sababu huwalinda vidukari ili walambe utamu wao. Tulivunja viota vyao kando ya matuta, tukazungushia mashina majivu makavu, na kuyarudia kila baada ya kumwagilia. Upande uliopakana na jirani aliyepuliza sumu mara kwa mara, maua yalikuwa yaleyale ila nyigu hatukuwaona kabisa. Huko shangazi aliwatoa vidukari kwa maji ya kumwagia kwa nguvu chini ya majani, asubuhi, bila sabuni, maana sabuni huua hata wale funza.

Vichwa vya giligilani vilipogeuka kahawia alivikata, akavianika kivulini juu ya jamvi. Sehemu akaiweka mbegu, iliyobaki akaiuza kama kiungo.