Musherekha, bizari na damu ya majani

Leo nimeshinda jikoni huku Kakamega na mtoto wa dadangu, ana mtihani wa kemia na asidi na besi zimemkalia vibaya. Anakariri tu. Nikaona badala ya kufungua kitabu tuanze na musherekha, yale maji ya jivu ya kupikia mboga.

Kwa wasiojua, unachoma maganda makavu ya maharagwe, jivu unalitia kwa mkebe uliotobolewa chini, unamwagia maji pole pole, na yale yanayodondoka, rangi ya strungi, ndiyo unapikia mrenda na likhubi, yaani kunde. Maji hayo yamebeba potasiamu kaboneti kutoka kwa jivu, na hiyo ni besi, kinyume cha asidi. Nikamwambia asugue tone moja katikati ya vidole, akaruka, "Anti, inateleza!" Ndiyo, maana besi inageuza mafuta ya ngozi yako kuwa sabuni, hapo hapo kwa kidole.

Halafu bizari, yaani manjano. Tukaikoroga kidogo kwa maji, tukatia tone la musherekha, ikageuka nyekundu iliyoiva, tukakamua ndimu, ambayo ni asidi, ikarudi njano. Akarudia mpaka ndimu zikaisha na kukhu, nyanya yetu, akaanza kuuliza ni nani atanunua zingine. Ndio akaelewa kwa nini doa la mchuzi kwa shati ya shule huwa jekundu ukipaka sabuni. Na ile skeli ya pH inayomsumbua, ya kupimia asidi na besi, ilitoka kwa Søren Sørensen mwaka 1909, akifanya kazi kwa maabara ya Carlsberg kule Copenhagen, yaani watu wa bia. Hiyo aliipenda kuliko yote, sijui dada ataniambia nini.

Lakini mimi kinachonimaliza ni rangi ya mboga. Jani lina klorofili, ile rangi yake ya kijani, na katikati ya klorofili kumekaa atomu moja ya magnesiamu. Ukichemsha mboga asidi zake zinatoka, haidrojeni inaingia pale magnesiamu ilikuwa, na kijani kinachakaa kinakuwa kile cha kahawia ambacho hakuna mgeni anakitamani. Musherekha inazima hizo asidi, kijani kinabaki, na pia inavunja pektini inayoshikanisha seli za jani ndio mboga inalainika haraka. Sasa angalia himoglobini, ile inayoipa damu yako wekundu: pete ya atomu inayozunguka katikati ni karibu ile ile, ila hapo katikati kuna chuma. Nilimwambia hivyo akaangalia sufuria akanyamaza, halafu akauliza kama mrenda ungekuwa na chuma pale katikati ungekuwa mwekundu. Swali zuri sana, nikamwambia ampelekee mwalimu.

Wale wanaomwaga magadi mengi ili kunde ing'ae kwa picha, siwaelewi. Besi na moto vinaua vitamini C, na mboga inaonja sabuni. Kukhu anatia kidogo tu, anaonja, anafunga hesabu.

Mtoto akaniuliza tena, "Sasa maziwa tunatia kwa mboga ya nini?" Kukhu akamjibu kabla yangu, bila musherekha maziwa yanakatika kwa sufuria. Na ni kweli, protini ya maziwa inaanza kugandana asidi ikizidi, kwa maziwa ambayo hayajapashwa moto ni kama pH 4.6, na moto unaharakisha. Anataka tulijaribu hilo pia, sufuria mbili, moja na musherekha moja bila. Kukhu amekubali kutoa nusu kikombe, si zaidi.