Nilivyomtayarisha Tausi kwa Uwanja wa Maonyesho

Mara ya kwanza nilipomwingiza Tausi katika maonyesho ya mbwa pale Jamhuri Park, Nairobi, mwamuzi alipitisha vidole katika manyoya ya mgongo wake, akayapasua mpaka ngozi ikaonekana, kisha akaniuliza kwa upole kama mbwa huyu alinyolewa kwa mashine. Nilikubali. Siku nne kabla ya hapo nilikuwa nimempeleka kwa fundi wa kutengeneza mbwa, nikalipa, nikamchukua akiwa nadhifu na ananukia, nami nikaamini kwamba nimetimiza kila lililohitajika. Mwamuzi aliitikia kwa kichwa, akaandika maneno machache katika daftari lake, akaenda kwa mbwa aliyefuata. Tulirudi nyumbani mikono mitupu, na jioni ile nikaanza kutafuta kujua nilikosea wapi.

Tausi ni Airedale Terrier, aina ya mbwa iliyotoka katika bonde la mto Aire, Yorkshire, nchini Uingereza, ambako katika karne ya 19 wawindaji walihitaji mbwa wa kumfuata fisimaji ndani ya maji na vichakani bila kuumizwa na miiba wala baridi. Kwa sababu ya kazi hiyo alizaliwa na mavazi mawili: manyoya ya juu magumu kama waya, yaliyolala sawasawa na kuubana mwili, na chini yake manyoya mafupi na laini mfano wa malaika ya mtoto mchanga. Kiwango cha aina hii kilichoandikwa na The Kennel Club, chama cha mbwa cha Uingereza, kinataka tandiko, yaani manyoya yanayofunika mgongo kama tandiko la farasi, liwe jeusi, au jeusi lililochanganyika na mvi, kuanzia juu ya shingo mpaka juu ya mkia, na sehemu nyingine zote ziwe na rangi ya hudhurungi. Jike anatakiwa awe na kimo cha sentimita 56 hadi 59 begani, na Tausi ana 57. Kwa kimo na umbo hakuwa na kasoro kubwa. Kasoro ilikuwa juu ya ngozi: tandiko lake siku ile lilikuwa la kijivu kama jivu la mkaa, na ukilipapasa ulihisi pamba.

Aliyenifumbua macho ni mama mmoja wa Lang'ata aliyefuga aina hii kwa miaka mingi. Nilipomsimulia, alimwita Tausi karibu, akang'oa unywele mmoja ubavuni, akauweka kwenye kiganja changu. Ncha yake ilikuwa imekatwa wima, na urefu wote uliobaki ulikuwa mwembamba na umepauka. Kisha akaniletea mbwa wake mwenyewe, akang'oa unywele mwingine, nao ulikuwa mweusi, mnene kwa juu, mgumu kiasi cha kuchoma kidole, ukipungua unene na rangi kadiri ulivyokaribia shina. "Mwanangu," akaniambia, "mbwa huyu hanyolewi. Huyu hunyonyolewa."

Maelezo yake yalikuwa haya, nami nimeyathibitisha kwa mikono yangu tangu hapo. Ugumu na rangi ya unywele wa aina hii viko katika sehemu ya juu, na unywele ukishakomaa hufa lakini hubaki umeshikiliwa na ngozi. Mashine huikata ile sehemu bora na kuliacha shina laini, na kwa kuwa unywele mfu haujatoka, mpya haupati nafasi ya kuota. Ukinyoa mara kwa mara, mwishowe unabaki na mbwa aliyevaa malaika peke yake. Ukiung'oa ule uliokomaa pamoja na shina lake, tundu lile lile huotesha unywele mpya, mgumu na wenye rangi kamili.

Najua wapo watakaodhani kwamba kumnyonyoa mbwa ni kumtesa, kwa kuwa mimi mwenyewe nilidhani hivyo. Ndiyo maana nilimwomba mama anifundishe polepole, naye alinizuia kumgusa Tausi kwa karibu miezi mitatu, mpaka manyoya yaliyonyolewa yakarefuka na kuanza kusimama na kugawanyika mgongoni kama nyasi zilizokanyagwa. Hiyo ndiyo dalili kwamba yamekomaa. Asubuhi ya somo la kwanza tulimpandisha juu ya meza yenye mpira usioteleza, tukamsugua chaki kidogo ili vidole vishike vizuri, na kwa sababu hiyo hiyo tulikuwa hatujamwosha kwa wiki nzima. Mkono wa kushoto huivuta ngozi ikanyooka. Mkono wa kulia hushika nywele chache tu, tano au sita, kati ya kidole gumba na kisu butu chenye meno madogo, kisha huvuta kuelekea upande nywele zinakolala, kwa mkono mzima kutoka begani, bila kupinda kifundo cha mkono. Ukipinda, kisu hukata badala ya kung'oa, na unakuwa umerudi kwenye kosa la mashine. Nilisikia sauti ndogo kama ya uzi unaochomoka katika kitambaa, nikatazama uso wa Tausi. Alipiga miayo. Baada ya nusu saa alikuwa amelala juu ya meza, nami nimekwisha safisha eneo lisilozidi viganja vyangu viwili.

Kipimo alichonipa mama ni hiki: mbwa akishtuka, unywele haujakomaa, au umeshika nywele nyingi mno, au hukuinyosha ngozi. Unaacha, unatafuta kosa. Tumboni, kinenani na ndani ya masikio, ambako ngozi ni nyembamba, hatukung'oa kabisa. Huko tulitumia mkasi. Nasisitiza jambo hili kwa sababu nimeona mtu akimvuta mbwa manyoya mabichi kwa haraka ya kuwahi maonyesho, na ngozi ikabaki na vipele vyekundu kwa siku kadhaa.

Mzunguko wa kwanza ulituletea manyoya bora kuliko yale ya zamani, lakini bado hayakuwa magumu. Ulikuwa mzunguko wa pili, karibu mwaka mmoja baada ya siku ile ya aibu, uliolirudisha tandiko jeusi. Hapo ndipo nilipojifunza kuhesabu wiki kwa kurudi nyuma kuanzia siku ya maonyesho, kama mkulima anayepanga kupanda kwa kuitazama mvua. Mgongo na mbavu, ambako manyoya yanatakiwa kuwa marefu kidogo, nilivinyonyoa wiki 11 kabla. Shingo na mabega vilifuata wiki 7 kabla. Utosi, mashavu na koo, ambavyo vinatakiwa kubana kabisa ili kichwa kionekane kirefu na chembamba, niliviacha mpaka wiki ya 3. Mipaka kati ya sehemu hizi ndiyo iliyonitoa jasho kuliko yote, kwa kuwa ukiiacha wazi mbwa huonekana amevaa nguo zisizofanana. Ilinibidi kila Jumamosi kuchomoa nywele moja moja mahali sehemu mbili zinapokutana, nikirudi nyuma hatua tatu kumtazama, kisha nikimkaribia tena.

Mazingira yetu yana mashaka yake ambayo hayamsumbui mfugaji wa Yorkshire. Mbwa aliyenyonyolewa karibuni ana ngozi wazi, na jua la Nairobi, mji ulio mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, humchoma upesi. Kwa wiki mbili Tausi alitoka asubuhi na jioni tu. Baadaye jua hilo hilo hulipausha tandiko jeusi, hivyo niliendelea kumfuga kivulini. Udongo mwekundu wa kwetu hushika katika manyoya marefu ya miguu na ndevu, na ukiusugua ukiwa mbichi unazama zaidi. Nilijifunza kuuacha ukauke, kuupukuta kwa brashi, kisha kuchana kwa kitana cha chuma kuanzia chini kwenda juu. Kuhusu kupe sikukubali mzaha, kwa kuwa homa wanayoileta huua mbwa. Nilimkagua kila jioni katikati ya vidole na nyuma ya masikio, na nikapata kwa daktari wa mifugo dawa ya kumeza badala ya ile ya kuogesha, ili manyoya ya mgongo yasilainishwe na maji na sabuni kila wiki.

Siku za mwisho zilikuwa na kazi ndogo kuliko nilivyotazamia. Nilikata kucha wiki moja kabla ili zipate muda wa kuwa butu, nikasafisha meno, nikazungusha mkasi kwenye nyayo mpaka zikawa duara. Jioni ya mwisho niliosha miguu na ndevu peke yake, nikazikausha kwa hewa ya uvuguvugu huku nikizichana kwenda juu ili kila mguu usimame kama nguzo. Mgongo sikuugusa kwa maji. Chaki yote niliipukuta mpaka kitambaa cheusi nilichompitishia kikatoka safi, kwa kuwa kitu kinachobadilisha rangi au ugumu wa manyoya hakiruhusiwi kubaki mwilini mwa mbwa anapohukumiwa, nami naona ni haki kabisa.

Mwamuzi wa safari hii alikuwa mwingine. Alimtazama Tausi kwa mbali, akamtazama akitembea, kisha akaja mezani na kufanya jambo lile lile nililolikumbuka: alipasua manyoya ya mgongo kwa vidole viwili. Alipoyaachia yalirudi mahali pake yenyewe, yakalala. Akayapapasa tena kinyume, polepole, akaniuliza ni nani aliyemnyonyoa.

"Ni mimi," nikamjibu.

Tulishika nafasi ya pili katika kundi la terrier. Yule mama wa Lang'ata alikuwa ameketi kando ya uwanja, na tulipotoka hakuuliza habari ya utepe. Alimpapasa Tausi nyuma ya shingo, akasema kwamba pale manyoya yameanza kukomaa tena, na kwamba nikitaka kuwahi maonyesho yajayo nianze Jumamosi ile ile.