Umebandika Juu ya Jasho

Jana kitinda mimba wangu kaja amenuna, plasta ya gotini inaning'inia. "Mama, mbona haishiki?" Nikamjibu bila kufikiri: "Umeibandika juu ya jasho." Kisha nikanyamaza. Maneno hayo si yangu, ni ya sista mkuu wa zamu.

Kitanda cha nne, zamu ya usiku, mwaka wangu wa kwanza kazini. Mzee wa watu ana kifua kama zulia na jasho linamtiririka. Nilimbandika elektrodi tano, vile vibandiko vya kifuani vyenye waya, chapuchapu, mstari wa mapigo ya moyo ukaanza kutembea kwenye monita, nikajiona fundi. Saa nane king'ora kikalia, mstari umelala. Nilikimbia hadi kiatu kimoja kikabaki njiani. Nikamkuta mzee ameketi, ananitazama miguu. "Mwanangu, nani anakufukuza?" Elektrodi ilikuwa imeganda kwenye shuka.

Nikairudisha, nikapiga plasta juu yake. Nusu saa haikupita, king'ora tena, na mimi mbio tena.

Ndipo sista akaja, akasema neno lake lile la jasho, akanikabidhi wembe. Sikuwahi kumnyoa mtu, sembuse kifua cha mtu wa rika la baba yangu. Nikanyoa viduara vitano, mzee amegeuzia uso ukutani, sijui akijisitiri au akinisitiri mimi. Sabuni na maji, nikakausha, halafu shashi kavu, nikisugua polepole mpaka ngozi ikaacha kuteleza. Elektrodi za awali nilikuwa nimezitoa kwenye pakiti iliyoachwa wazi, jeli imekauka, nikafungua mpya. Nikabonyeza kingo pande zote, si katikati, jeli isije ikatoka. Chini ya mtulinga wa kulia nikaacha nafasi ya mashine ya kushtua moyo, Mungu apishe mbali. Mwisho nikakunja kila waya kitanzi kidogo, nikakibana kwa plasta, ili mzee akijigeuza kivutwe kitanzi, si elektrodi.

Alfajiri king'ora kikalia mara ya tatu. Elektrodi zote zimeshika barabara, lakini mstari unarukaruka kama wa mtu anayekata roho. Mzee alikuwa anajikuna kwa nguvu zake zote, pale pale nilipomnyoa.

Tulicheka sana. Sikumwambia mzee kwamba mara hiyo nilikwenda kwa kutembea, na kwamba kabla ya kuinuka nilimalizia kwanza sentensi niliyokuwa nikiandika kwenye faili.