Siku yangu na projekta za chuo

Saa 12:15 asubuhi nipo getini. Ni chuo cha afya hapa Morogoro, na mimi ndiye fundi wa teknolojia ya madarasani: projekta, spika, vipaza sauti, intaneti, na Moodle, mfumo wanaofanyia majaribio na kupakulia notsi. Madarasa 14 na ukumbi mmoja, mafundi wawili. Mwenzangu anauguza mama yake, kwa hiyo leo niko peke yangu.

Wengi wanadhani kazi hii ni kubonyeza swichi. Kwangu muhula huanza wiki tatu kabla wanafunzi hawajafungua chuo. Ratiba ikitoka naisoma mstari kwa mstari: nani anafundisha kwa video, nani anataka sauti, nani ana picha zinazohitaji giza. Darasa lenye madirisha ya mashariki silipi somo la picha asubuhi, maana jua likichomoza linafuta kila kitu ukutani. Nililijua hilo kwa kukaa kiti cha nyuma na kutazama.

Mpaka saa 1:30 nimeshazunguka kote, nimewasha, nimepangusa vichujio. Kichujio kikijaa vumbi, projekta hupata joto na kujizima katikati ya kipindi.

Saa 2:10, simu. "Fundi, njoo ukumbini. Projekta yako imekufa."

Haikufa. Picha ipo, ila yote ni ya njano. Wanafunzi 180 wamekaa.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Ndiyo huduma hii?"

Somo lenyewe ni vimelea vya malaria kwenye slaidi ya damu. Damu ikitiwa rangi ya Giemsa, kiini cha kimelea huonekana chekundu cha zambarau na mwili wake bluu. Bluu ikipotea, mwanafunzi anatazama madoa tu. Na huyuhuyu kesho yuko zahanati, anasoma slaidi ya mtoto mwenye homa.

Daktari anataka projekta nyingine. Ya ukubwa ule hakuna. Naomba dakika tano, anatazama saa yake bila kujibu. Wa viti vya nyuma wameanza kutoka.

Nikafungua menyu ya projekta kwa rimoti. Maandishi yake yalikuwa meupe pee. Basi projekta ni nzima, ugonjwa uko njiani. Laptopu ya Daktari ni ya zamani, haina HDMI, tundu la kisasa la kutolea picha; inatumia kebo ya VGA, ile ya kizamani yenye plagi ya pini nyingi. Nikaichomoa, nikamulika plagi kwa simu. Pini tatu za mwanzo za safu ya juu hubeba nyekundu, kijani na bluu. Ya tatu, ya bluu, ilikuwa imelala ubavu; nyekundu na kijani zikibaki zenyewe hutoa njano. Mtu aliisukuma kwa nguvu.

Koleo langu ni nene mno. Na pini hizi ukizipinda mara mbili zinakatika. Nikamwomba binti wa kiti cha mbele sindano mpya ya mazoezi, ile nene yenye kitako cha waridi. Tundu lake linaivaa pini kama ala na kisu. Nikaivisha, nikainyanyua taratibu, jasho linanitiririka mgongoni na watu 180 wanatazama mikono yangu.

Nikachomeka. Bluu ikarudi.

Ukumbi mzima ukasema "Aaah!" Daktari hakunigeukia, akashika kipaza sauti: "Tazameni pete ile, ndani ya chembe nyekundu." Pete hiyo ndiyo kimelea chenyewe. Nikasimama mlangoni mpaka nami nikaiona. Zilikuwa zimepotea dakika 23, na zinaniuma mpaka sasa, kwa sababu kebo ile nilikuwa nimeipita asubuhi. Niliwasha projekta, sikuchomeka laptopu.

Baada ya hapo siku ikaenda yenyewe. Umeme ulikatika watu wakiwa katikati ya jaribio kwenye Moodle, nikawaongezea muda mmoja mmoja. Spika ya darasa la saba ilikoroma. Chakula cha mchana nilikila jioni, ubwabwa umepoa.

Sasa giza limeingia. Sindano nimeitupa kwenye kisanduku cha vyenye ncha kali, kama wanafunzi wanavyofundishwa. Naandika maombi ya muhula ujao: kebo sita, na vipande vifupi vya kuungia ili watu wachomeke hapo mezani, plagi kubwa isiguswe tena.

Ujumbe umeingia kutoka kwa Daktari: "Kesho saa 2 ukumbini. Nina slaidi 40."

Nimemjibu: "Saa 1 nitakuwa nimeshafika, Daktari. Naomba laptopu yako mapema."