Vipepeo wa mabibo

Shamba la bibi liko nje kidogo ya mji wa Masasi. Mikorosho inapokoma, miombo inaanza. Novemba hii nimekaa huko wiki tatu tukiokota korosho. Ukishanyofoa korosho, bibo unalitupa palepale. Kesho yake limeanza kuchacha, keshokutwa shamba zima linanuka uraka, ile pombe ya mabibo, na hapo ndipo wanaposhuka.

Ni vipepeo wakubwa, wanene kifuani, wenye mbio. Jina lao la kisayansi ni Charaxes saturnus. Juu wana kahawia na rangi ya chungwa, na kila bawa la nyuma lina vimkia viwili. Lakini subiri atue afunge mabawa uone upande wa chini: mabaka mekundu na ya kahawia, kila baka limetiwa ukingo mweupe. Nimetafuta kanga ya kufanana naye, sijaipata.

Maua hayamshughulishi. Chakula chake ni maji ya matunda yaliyochacha, utomvu unaovuja kwenye magome, hata mavi ya wanyama. Kwenye bibo huzamisha mrija wake akanogewa mpaka unaweza kumshika kwa vidole. Nilimshika mmoja, bibi akanikemea: "Mwache, mjukuu wangu. Naye anakunywa uraka wake."

Miaka yote nilimdhania ni wa mikorosho. Sivyo. Mkorosho uliletwa na Wareno kutoka Brazili; huyu ni mwenyeji wa misitu yetu ya miombo, na kwenye mabibo anakuja kunywa tu. Kiwavi wake anakula majani ya miombo na ya mkongo. Mpakani mwa shamba upo mkongo mmoja, na kwenye majani yake machanga nililikuta yai: la njano, duara, bapa juu, peke yake kwenye jani. Baada ya siku chache likatokea pete ya kahawia, ishara kwamba lina uhai ndani. Kiwavi akishakua ni wa kijani, kichwani ana pembe nne. Hujitandikia hariri juu ya jani moja, akaenda kula kwingine, akarudi kupumzika palepale.

Madume nimewaona kwenye vilima vyetu vya mawe, jua likiwa kali. Kila mmoja ana tawi lake. Akipita mwenzake, au hata ndege, anamfukuza kisha anarudi kwenye tawi lilelile.

Mkongo ule umeshaulizwa bei na seremala mara mbili. Mbao zake ni ngumu, mchwa hawaziwezi. Bibi amekataa kwa sababu anapenda kivuli chake. Juzi nikampeleka akamwone kiwavi. Alimwinamia muda mrefu, akazihesabu pembe moja moja, kisha akachana ukingo wa kanga yake kuukuu na kunipa nifunge kwenye tawi lile, wakata kuni wasiliguse.