Siku moja maishani mwangu: taksi mtandao na abiria wenye ulemavu, Dar es Salaam

Saa 11 alfajiri. Kabla ya kuwasha programu, natazama buti. Toyota IST, gari dogo, nyingi za taksi mtandao hapa mjini zimefungwa mfumo wa gesi, na mtungi unakaa humo humo kwenye buti. Kwa abiria mwenye begi la mgongoni hakuna neno. Kwa mwenye kitimwendo hapo ndipo safari inapokwamia, maana kiti hakiingii. Dawa yake ni siti ya nyuma: natandika turubai, kitimwendo kilichokunjwa kinapitia mlango wa nyuma na kulala juu ya siti, kisha napitisha mkanda katikati ya fremu yake. Siti ya mbele kushoto nairudisha nyuma hadi mwisho ili miguu ipate nafasi. Vingine vya kubeba ni tambara, kamba mbili za mpira zenye ndoano, na ubao unaoteleza wa kumhamishia abiria kutoka kitimwendo hadi siti, wa kama sentimita 70.

Saa 12 na robo. Ombi kutoka Kimara kwenda hospitali ya CCBRT, Msasani, na ujumbe juu yake: "Natumia kitimwendo cha kukunja." Huyu anaujua mchezo. Jibu langu: "Sawa kaka, nafasi ipo. Upande gani pana usawa nisimame?" Swali hilo ni muhimu kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu pini ya ramani haioni mtaro.

Gari linaachwa mbali kidogo na ukingo wa barabara, kiti kiweze kuingia kati ya mlango na mtaro. Mlango wa mbele unafunguliwa hadi mwisho. Kiti kinasogezwa kimshazari karibu na siti, breki zote mbili zinafungwa, sehemu za kuwekea miguu zinatolewa, na kama mkono wa kiti unachomoka, unachomolewa ule wa upande wa gari. Kuanzia hapo abiria ndiye anayetoa maelekezo. Mimi nashika kiti kisiteleze; yeye simgusi mpaka aniambie nimshike wapi. Dereva anayembeba mtu kwapani bila kuulizana anaweza kumtegua bega, na hapo huwezi kusema umemsaidia.

Kukunja: mto unatoka kwanza, kisha kitambaa cha kukalia kinavutwa juu katikati, mbele na nyuma kwa pamoja. Kinyanyue kwa fremu. Ukikishika kwa mkono wa kiti, utabaki na mkono huo hewani na kiti kiko chini. Wakati wa kukikunjua pale Msasani, sukuma kwa viganja, vidole vikielekea ndani. Ukizungushia vidole kwenye bomba la pembeni, bomba linashuka na kuvibana.

Kazi hiyo ni dakika tano au sita kila upande, na nyingi kati ya hizo mita ya safari bado haijaanza. Ndiyo sababu madereva wengine wakiusoma ujumbe wanaghairi kimya kimya. Sababu inaeleweka, lakini Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inakataza ubaguzi, na abiria aliyeghairiwa mara tatu mfululizo anakosa zamu yake kliniki. Wapo pia wanaobonyeza "anza safari" huku kiti bado kiko chini, mita ihesabu wakati wa kupakia. Huko Marekani suala la kuwatoza abiria wenye ulemavu ada ya kusubiri lilifika mahakamani: Idara ya Sheria iliishtaki Uber Novemba 2021, wakasuluhishana Julai 2022. Dakika za kupakia si uzembe wa abiria.

Saa 3 asubuhi. Abiria kiziwi, Sinza. Dereva aliyezoea kupiga simu na kuuliza "uko wapi boss?" hapa atapiga mpaka achoke. Naandika: "Nimefika. IST ya fedha. Nipo mbele ya duka la dawa. Nimewasha taa za hazadi." Sentensi fupi, kwa sababu kwa wengi Lugha ya Alama ndiyo lugha ya kwanza na Kiswahili cha kuandika ni cha pili. Akitaka kubadili mwisho wa safari, abadilishe kwenye programu yake. Nikiwa na la kumwambia nasimamisha gari kwanza. Usiku taa ya ndani inabaki inawaka tunapozungumza, mikono na uso vionekane.

Saa 6 mchana, Posta. Mama asiyeona, yuko peke yake. Simu yake inamsomea namba ya gari na jina la dereva, lakini pini imemweka ng'ambo ya barabara ya njia mbili. Kumwambia avuke ni kumhatarisha, nageuza gari. Nashuka: "Shikamoo mama. Ni dereva wako," nataja jina langu na namba za mwisho za gari. Nampa kiwiko ashike yeye. Mkono wake mmoja nauelekeza ukingo wa juu wa mlango, mwingine paa, na namwambia gari linatazama wapi. Fimbo nyeupe anabaki nayo. Kufika, neno "tumefika" halimsaidii. Naeleza: mlango uko kushoto kwako, hatua kama sita, ngazi tatu, na kuna mtaro usio na mfuniko.

Saa 9 alasiri linakuja ombi la mwenye kitimwendo cha umeme. Hakikunjwi, betri zake ni nzito, IST haikiwezi hata kidogo. Nasema hivyo mapema ili atafute gari refu lenye njia ya kupandishia, japo magari hayo ni ya kutafuta kwa tochi.

Saa 2 usiku, kitimwendo kingine, Tabata. Kabla ya kubonyeza "maliza safari" napapasa chini ya siti na ndani ya turubai. Vinavyosahaulika ni vile vile: mto na sehemu za kuwekea miguu. Ukiondoka navyo, mwenzako kesho yake hatoki nyumbani.